Dawa ya Mbwa Si ya Paka: Matumizi Salama ya Dawa za Viroboto kwa Wanyama wa Nyumbani

Wananchi wanaofuga mbwa na paka majumbani wanakumbushwa kutumia dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyama husika, kwa kuzingatia uzito wake, umri wake na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Madhara mengi yanayowapata wanyama hao hayatokani na ubovu wa dawa, bali na dawa nzuri kutumika kwa mnyama asiyestahili kuipata.

Mara nyingi madhara hayo huanza kwa nia njema. Mwenye nyumba hununua dawa ya matone kwa ajili ya mbwa wake, hubakiza kidogo, kisha humdondoshea paka ambaye naye amekuwa akijikuna. Baada ya saa chache paka huanza kutikisa masikio na ngozi kumchezacheza. Usiku hutetemeka mwili mzima, na kabla ya kupambazuka anaweza kupata degedege. Mbwa aliyepakwa dawa hiyo hiyo asubuhi anaendelea kucheza uani bila tatizo. Dawa ni moja, lakini miili iliyoipokea ni tofauti.

Makala haya yanaeleza namna dawa hizo zinavyofanya kazi, makosa yanayosababisha sumu, dalili za hatari, hatua za kuchukua pale dharura inapotokea, na wajibu wa mnunuzi anapokuwa dukani.

Umuhimu wa kudhibiti viroboto

Tahadhari kuhusu dawa haina maana kwamba viroboto waachwe. Kiroboto anayewasumbua zaidi wanyama wa nyumbani hujulikana kitaalamu kama Ctenocephalides felis, yaani kiroboto wa paka, ingawa ndiye pia anayepatikana kwa wingi kwenye miili ya mbwa. Hunyonya damu, na wanapokuwa wengi juu ya mtoto wa mbwa au wa paka wanaweza kumsababishia upungufu wa damu unaotishia uhai wake. Baadhi ya wanyama hupata mzio kutokana na mate ya kiroboto, wakajikuna hadi manyoya kunyonyoka na ngozi kutoka vidonda.

Kiroboto pia hubeba maradhi. Mnyama anapojilamba na kummeza kiroboto mwenye vimelea anaweza kupata minyoo aina ya tegu. Mtoto mdogo anayecheza na mnyama huyo anaweza kuambukizwa kwa njia hiyo hiyo endapo atammeza kiroboto kwa bahati mbaya. Kinyesi cha viroboto kinapobaki kwenye kucha za paka, mkwaruzo wake unaweza kumwambukiza binadamu bakteria wanaosababisha homa na kuvimba kwa tezi.

Tanzania inaufahamu vizuri uzito wa jambo hili. Kuanzia mwaka 1980, Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilikabiliwa na milipuko ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Mbwa na paka wanaowinda panya wanaweza kuwaleta viroboto hao ndani ya nyumba. Aidha, funza anayeingia kwenye vidole vya miguu ni wa jamii ya viroboto, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaomhifadhi. Kwa sababu hizo, kudhibiti viroboto ni sehemu ya kulinda afya ya familia. Kinachotakiwa ni kuchagua njia isiyoleta madhara mapya.

Maisha ya kiroboto na kosa la kurudia dawa

Kosa la kwanza linalosababisha sumu hutokana na kutofahamu maisha ya kiroboto. Viroboto wazima wanaoonekana juu ya mnyama hukadiriwa kuwa takriban asilimia 5 tu ya viroboto wote waliopo katika mazingira yake. Waliobaki wako katika hali ya mayai, mabuu na vifuko, na wamejificha kwenye zulia, mkeka, godoro, nyufa za sakafu, banda na mchanga wa kivulini ambako mnyama hulala.

Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayashikamani na manyoya, bali huanguka kila mnyama anapopita. Buu anayeanguliwa hula uchafu na kinyesi cha viroboto wazima chenye damu iliyokauka, kisha hujisokotea kifuko. Akiwa ndani ya kifuko hicho, dawa nyingi hazimfikii. Penye joto na unyevu, mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa muda wa wiki 3 hivi. Mazingira yasipofaa, kiroboto anaweza kusubiri ndani ya kifuko kwa miezi kadhaa hadi ahisi joto au mtikisiko wa mnyama anayepita.

Hivyo, hata dawa bora inapofanya kazi yake sawasawa, viroboto wapya wataendelea kuonekana kwa wiki kadhaa, kwa sababu wanatoka kwenye vifuko vilivyokuwapo tangu awali. Mfugaji asiyelijua hilo huamini kwamba ameuziwa dawa bandia. Baada ya siku 3 hurudia dozi, na baada ya siku nyingine 2 huongeza dawa ya aina ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwili wa mnyama hupokea mzigo wa kemikali ambao hakuna mtengenezaji aliyeukusudia.

Utaratibu sahihi ni kurudia dawa kwa muda ulioandikwa kwenye lebo tu. Kwa dawa nyingi za matone, muda huo ni mwezi mmoja. Wakati huo huo nyumba isafishwe. Matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, sakafu ifagiliwe hadi pembeni na chini ya makochi, na takataka zinazokusanywa zitolewe nje ya nyumba mara moja. Kazi hiyo ikifanyika kila wiki hupunguza mayai na mabuu bila kuongeza hata tone moja la dawa mwilini mwa mnyama. Wanyama wote wa nyumba moja wapatiwe kinga kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa yake, kwa kuwa mnyama aliyeachwa ndiye atakayewalisha viroboto wa wenzake.

Aina za dawa zilizopo

Dawa za viroboto zipo za namna mbalimbali. Zipo za matone, ambazo hudondoshewa kwenye ngozi nyuma ya shingo, mahali ambapo mnyama hawezi kufika kwa ulimi. Zipo pia shampuu, dawa za kupuliza, dawa za unga, mikanda ya shingoni inayotoa dawa polepole, na vidonge vinavyomezwa.

Ndani ya kila dawa kuna kiambato hai, yaani kemikali inayofanya kazi yenyewe. Hicho ndicho kitu cha kwanza kukitafuta kwenye lebo, kwa sababu dawa mbili zenye majina tofauti ya biashara zinaweza kuwa na kiambato kimoja, na kuzitumia kwa pamoja ni sawa na kumpa mnyama dozi mara mbili.

Fipronili na imidaklopridi ni viambato vinavyotumika kwa mbwa na kwa paka, ila kwa vipimo tofauti. Fipronili haifai kwa sungura na inaweza kumuua, jambo linalopaswa kuzingatiwa na familia zinazofuga sungura pamoja na mbwa. Vipo pia viambato vinavyozuia mayai na mabuu kukua badala ya kuua viroboto wazima, na kwa kawaida madhara yake kwa mnyama ni madogo.

Vidonge vya kundi linaloitwa isoksazolini vimeenea katika miaka ya karibuni. Mwezi Septemba 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kusababisha mtetemeko wa misuli, kuyumba na degedege kwa baadhi ya mbwa na paka. Mamlaka hiyo haikuziondoa sokoni, na ilieleza kuwa ni salama kwa wanyama walio wengi. Ujumbe kwa mfugaji ni kwamba mnyama aliyewahi kupata kifafa au degedege asipewe kidonge cha aina hiyo kabla daktari wa wanyama hajaelezwa historia yake.

Paka na permethrini

Kiambato kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote katika nyumba yenye paka ni permethrini. Kwenye lebo jina hilo huandikwa bila irabu ya mwisho.

Asili ya kemikali hii haiko mbali na Afrika Mashariki. Maua ya pareto, yanayolimwa katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya, hutoa sumu ya asili inayoangusha wadudu. Wanasayansi waliiga muundo wa sumu hiyo na kutengeneza kemikali za kiwandani zinazodumu zaidi na kustahimili mwanga wa jua, na permethrini ni mojawapo. Mbwa huivumilia kwa sababu ini lake huivunjavunja na kuitoa mwilini. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo, hivyo kemikali hubaki mwilini na kuishambulia mishipa ya fahamu.

Hesabu ndogo inaonesha ukubwa wa hatari hiyo. Dawa ya matone ya mbwa yenye permethrini ya asilimia 45 ina takriban miligramu 450 za kemikali hiyo katika kila mililita. Mililita moja ikidondoshewa paka mwenye uzito wa kilo 4.5, atakuwa amepokea miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango kinachoweza kuhatarisha maisha yake. Mililita moja ni sehemu ya tano tu ya kijiko cha chai.

Kwa sababu hiyo, kupunguza kipimo cha dawa ya mbwa hakuifanyi kuwa dawa ya paka. Hata matone machache yaliyobaki kwenye kichupa hayafai. Aidha, paka anaweza kupata sumu bila kupakwa dawa, endapo atamlamba au kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita. Katika nyumba yenye wanyama wote wawili, mbwa atenganishwe na paka hadi dawa ikauke kabisa na muda ulioelekezwa kwenye lebo utimie. Kama jambo hilo haliwezekani, daktari aombwe dawa ya mbwa isiyo na kiambato hicho.

Dawa za josho na za shambani

Kosa jingine ni kudhani kwamba dawa inayoangusha kupe wa ng'ombe itakuwa bora zaidi kwa viroboto wa mbwa. Dawa za kuogeshea mifugo huuzwa zikiwa nzito ili zichanganywe na maji mengi kwa ajili ya josho au bomba la kunyunyizia. Kosa dogo la kupima, lisiloonekana katika lita mia kadhaa za josho, huwa kubwa mno ndani ya beseni la kumwogeshea mbwa mmoja.

Amitrazi, inayotumika sana kuogesha ng'ombe, inaweza kumfanya mbwa azubae, mapigo ya moyo yapungue na sukari ya damu ipande inapozidi kipimo. Paka huathirika nayo zaidi, na mbwa mwenye kisukari hapaswi kupakwa. Diazinoni na kemikali nyingine za kundi la fosfati hai huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, na mnyama aliyezidiwa hutokwa na mate na machozi kwa wingi, huhara, hukosa pumzi na misuli yake hutetemeka. Sumu hiyo hiyo humdhuru binadamu anayemwogesha mnyama bila glovu.

Aivamektini ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe nayo hutumiwa na baadhi ya watu kwa mbwa. Nguvu yake imepangwa kwa mnyama mwenye uzito wa mamia ya kilo, na zaidi ya hapo haitegemewi katika kuua viroboto. Mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya jamii zinazohusiana nao hurithi kasoro inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo, wakazirai au kufa kwa kipimo ambacho mbwa wengine wangekivumilia.

Viuatilifu vya mazao na dawa za kupulizia mende havipaswi kabisa kupakwa kwenye mwili wa mnyama. Vilevile, dawa inayopimwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kuuzwa ndani ya chupa ya soda au ya maji haina lebo, haina kipimo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi, na haina jina la kiambato ambalo daktari angelihitaji wakati wa dharura. Chupa ya namna hiyo ni hatari zaidi kwa mtoto anayeweza kuidhania kinywaji.

Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo hupakwa kwa mazoea katika baadhi ya maeneo, huunguza ngozi na huweza kuharibu mapafu pale mnyama anapojilamba. Hata vitu vya asili vina mipaka yake. Vitunguu saumu vikiliwa kwa wingi huharibu chembechembe nyekundu za damu za mbwa na hasa za paka, na mafuta ya mimea yaliyokolezwa yanaweza kuwatia sumu wanyama hao kupitia ngozi.

Uzito, umri na hali ya mnyama

Uzito wa mnyama upimwe, usikadiriwe kwa macho. Njia rahisi ni mtu mzima kupanda kwenye mizani akiwa amempakata mnyama, kisha kupanda tena peke yake na kutoa tofauti. Dawa za matone huuzwa kwa makundi ya uzito, na kununua kichupa cha mbwa mkubwa ili kuwagawia mbwa wadogo wawili au watatu ni kosa, kwa kuwa mgawanyo wa kukadiria hauna uhakika.

Suala hili lilichunguzwa kwa kina nchini Marekani. Mwezi Aprili 2009, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo, EPA, lilitangaza kuongeza uchunguzi wa dawa za matone baada ya taarifa za madhara kuongezeka. Matokeo yaliyotolewa mwezi Machi 2010 yalionesha kuwa madhara mengi yalikuwa mepesi, lakini mbwa wadogo waliathirika zaidi, na dawa za mbwa kutumika kwa paka lilikuwa tatizo lililojitokeza wazi. Shirika hilo lilielekeza lebo ziandikwe kwa uwazi zaidi kuhusu mnyama na uzito unaohusika.

Dawa nyingi haziruhusiwi kwa watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya wiki 8, na baadhi huhitaji umri mkubwa zaidi. Kwa wanyama hao wachanga, njia salama ni kutumia kitana chenye meno yaliyobanana, kuwachana taratibu na kuwatumbukiza viroboto wanaonaswa kwenye maji yenye sabuni. Wanyama wenye mimba, wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa au wanaotumia dawa nyingine wapelekwe kwa daktari wa wanyama kabla ya kupewa dawa yoyote ya viroboto.

Usalama wa watoto na wanafamilia

Dawa inayopakwa kwenye manyoya hufika pia kwenye mikono ya anayemshika mnyama. Watoto wadogo hukumbatia wanyama, kisha hupeleka vidole mdomoni, na miili yao midogo huathirika kwa kiasi kidogo cha kemikali. Hofu hiyo ndiyo iliyochangia mikanda ya shingoni yenye kiambato cha propoksuri kuondolewa katika soko la Marekani, kufuatia makubaliano yaliyotangazwa na EPA mwaka 2014 ambayo yalitoa mwisho wa kuisambaza kuwa Aprili 2016.

Ni vyema dawa ipakwe jioni baada ya watoto kulala, na mnyama asilale nao kitandani usiku huo. Anayepaka avae glovu na anawe mikono kwa sabuni baada ya kazi. Mikanda yenye dawa isiachwe mahali mtoto anapoweza kuichezea au kuitafuna.

Mabaki ya dawa yasimwagwe kwenye mfereji, mto au bwawa, na mbwa aliyepakwa asiruhusiwe kuogelea kabla muda uliotajwa kwenye lebo haujapita. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka 2020 uliikuta fipronili katika zaidi ya sampuli 9 kati ya kila 10 zilizochukuliwa kwenye mito 20 ya England, ingawa matumizi yake mashambani yalikuwa madogo, na watafiti walizitaja dawa za wanyama wa nyumbani kuwa chanzo kinachowezekana. Viambato hivyo huua wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki, na pia huua nyuki.

Dalili za sumu na huduma ya kwanza

Kuwashwa kidogo au wekundu mahali palipopakwa dawa huweza kutokea na kuisha kwa muda mfupi. Dalili zinazohitaji hatua za haraka ni kutokwa na mate mengi, kutapika, kuyumba, misuli kuchezacheza, kutetemeka, degedege, kupumua kwa shida, kuzubaa kupita kiasi au kupoteza fahamu. Kwa paka aliyepata permethrini, dalili huweza kuanza ndani ya saa chache, lakini wakati mwingine huchelewa hadi siku ya pili au ya tatu. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa kwa makosa asisubiri dalili zijitokeze.

Hatua ya kwanza ni kuondoa chanzo. Mkanda uvuliwe, na mnyama asiye na degedege aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo, hasa mahali dawa ilipopakwa. Maji ya moto yasitumike, kwa kuwa huongeza damu kwenye ngozi na kuharakisha dawa kuingia mwilini. Maji ya baridi nayo hayafai, kwa sababu mnyama aliyepoteza joto hutetemeka zaidi. Anayeogesha avae glovu.

Hatua ya pili ni kumkausha mnyama kwa taulo, kumfunika asipate baridi na kumzuia asijilambe. Hatua ya tatu ni kumpeleka kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa, pamoja na kifungashio au kichupa cha dawa iliyotumika. Jina la kiambato hai ndilo litakalomwongoza daktari, kwani tiba ya sumu ya fosfati hai haifanani na ya amitrazi, na zote mbili hazifanani na ya permethrini.

Mnyama asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa, mafuta au dawa ya binadamu. Mnyama mwenye degedege asitiwe kitu chochote mdomoni. Paka wengi wenye sumu ya permethrini hupona wanapopata matibabu mapema, na saa zinazopotea nyumbani kwa kujaribu tiba za kubahatisha ndizo zinazopunguza nafasi hiyo. Endapo mtu amemeza dawa, imemwingia machoni au anajisikia vibaya baada ya kuitumia, apelekwe mara moja kwenye kituo cha kutolea huduma za afya pamoja na kifungashio hicho.

Wajibu wa mnunuzi na muuzaji

Nchini Tanzania, dawa za tiba ya wanyama husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, wakati viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Huduma za madaktari na wataalamu wa afya ya wanyama huongozwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza na kumwepusha na mateso yasiyo ya lazima.

Mnunuzi anashauriwa kununua dawa kwenye duka linalotambuliwa na kuomba risiti. Kabla ya kulipa, aangalie mambo sita kwenye kifungashio: jina la kiambato hai, aina ya mnyama anayeruhusiwa, kundi la uzito, umri wa chini, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kifungashio kilichofunguliwa, kilichobandikwa karatasi juu ya maandishi ya awali au kisicho na maelezo yanayosomeka kirudishwe. Muuzaji naye ana wajibu wa kumuuliza mteja kama nyumbani kwake kuna paka kabla ya kumkabidhi dawa ya mbwa.

Pale mnyama anapodhurika ingawa maelekezo yalifuatwa, taarifa ifikishwe kwa daktari wa wanyama, ofisa mifugo wa kata au mamlaka husika, ikieleza jina la dawa, namba ya toleo, kiasi kilichotumika na muda dalili zilipoanza. Taarifa za aina hiyo huziwezesha mamlaka kutambua toleo lenye kasoro au dawa bandia kabla haijawafikia wengine. Kifungashio kisitupwe hadi muda wa dawa kufanya kazi umalizike.

Wananchi wasio na uhakika na dawa waliyonayo nyumbani wanashauriwa kutoitumia, na badala yake kuipeleka ikiwa ndani ya kifungashio chake kwa mtaalamu wa mifugo aliye karibu ili aikague. Kiroboto anaweza kusubiri siku moja zaidi, lakini paka aliyekwisha kudondoshewa dawa ya mbwa hana muda huo.